Saa ya Ishirini Baada ya Sindano

12 Aprili

Kosa wanalolifanya watu wengi ni kudhani kwamba mahali pasipouma pamepona. Nimewaambia wagonjwa hivyo kwa miaka thelathini na mmoja, nilipokuwa daktari wa usingizi, na leo nimemwambia mdogo wangu Unto mezani. Wiki hii ngiri yake haikumuuma, kwa hiyo ameamua kwamba imerudi ndani yenyewe.

"Imelala," alisema, akijipapasa kinena cha kulia kama mtu anayetafuta funguo mfukoni.

"Ngiri hailali, Unto. Kuna tundu kwenye ukuta wa tumbo lako, na utumbo unachungulia nje."

"Basi unachungulia barafu ya ziwani. Mwaka huu ni nzuri."

Ndivyo tulivyo watu wa Savo, mkoa huu wa maziwa. Ukituuliza kuhusu mwili, tunakujibu kuhusu ziwa. Unto ana miaka sabini na mmoja. Tangu mkewe afariki anaishi peke yake katika nyumba ya wazazi wetu, anaipasha joto kwa kuni, na kuni anazipasua mwenyewe. Nimekuja kukaa naye mpaka apasuliwe na apone. Nitaandika kila jambo likitokea, hata kama ni mstari mmoja.

15 Aprili

Theluji ya majimaji. Unto amepasua kuni kwa siri nyuma ya ghala. Nilisikia shoka.

19 Aprili

Leo ameuliza watamfanya nini, kwa hiyo nimemweleza, na naandika hapa kwa sababu nilijieleza vizuri.

Mpasuaji hachani tumbo siku hizi. Anatoboa matundu matatu madogo, anaingiza kamera na vyombo vyembamba, anaurudisha utumbo mahali pake, kisha anatandaza wavu laini nyuma ya misuli ili tundu lizibwe kwa ndani. Hiyo ni kazi yake. Kazi yangu enzi zangu ilikuwa ganzi. Ukuta wa tumbo ubavuni una tabaka tatu za misuli, kama mablanketi matatu yaliyotandikwa moja juu ya jingine. Mishipa ya fahamu, ile inayopeleka habari za maumivu kwenye ubongo, inapita kati ya blanketi la pili na la tatu. Unaitazama kwenye ultrasaundi, unapitisha sindano taratibu mpaka uione ncha yake ikifika hapo katikati, unamwaga dawa, na dawa inatandaa kama maji chini ya zulia. Mgonjwa akiamka kutoka usingizini, tumbo lake halina habari yoyote ya kumpa.

"Kwa hiyo mnakata simu," alisema Unto.

"Kwa saa kumi na sita, ishirini, wakati mwingine zaidi."

"Na nikitaka kupiga?"

Nilicheka. Nilidhani ni mzaha tu.

24 Aprili

Barafu imekuwa nyeusi, haikanyagiki tena. Barua imefika: tarehe 30 asubuhi, mkesha wa Vappu, sikukuu yetu ya Mei Mosi. Unto amenung'unika kwamba watu wenye akili hawapasuliwi mkesha wa sikukuu.

28 Aprili

Mvua. Ameficha shoka mimi nisilione, nami nililipata nikalificha kwingine, nalo limetoweka huko. Sasa hakuna anayekiri kujua lilipo.

30 Aprili

Naandika kwenye korido ya hospitali, usiku. Nitaandika kwa utaratibu. Utaratibu umewahi kunisaidia.

Asubuhi ilikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Daktari wa usingizi alikuwa Otso Pirskanen, ambaye nilimfundisha mwenyewe kushika sindano. Aliniita Mwalimu mbele ya wauguzi nami nikafurahi. Ganzi aliiweka saa tatu kasoro robo. Saa sita muuguzi alimtembeza Unto mpaka mwisho wa korido na kurudi, akakojoa, akanywa kahawa, akaruhusiwa. Sharti lilikuwa moja, kwamba awe na mtu mzima nyumbani mpaka kesho. Mtu huyo nilikuwa mimi. Tulipewa karatasi ya maelekezo. Niliibandika mlangoni mwa friji bila kuisoma, maana mambo hayo nayajua.

Alasiri niliwasha moto wa sauna, chumba chetu cha mbao cha kuogea mvuke, nje ya nyumba. Niliuwasha kwa ajili yangu. Mkesha wa Vappu bila sauna si mkesha, na mtu wa hapa haulizi kama ataoga, anauliza saa ngapi. Nilimwambia Unto wazi:

"Wewe leo hulowi. Vidonda vinatakiwa vikae vikavu."

"Nimesikia, Daktari."

Nilioga, nikarudi, nikaweka mafuta jikoni nikaange vitumbua vya Vappu. Unto alisema anakwenda kufunga mlango wa ghala. Nilisema sawa. Ningemzuia kwa lipi? Alikuwa anatembea, amechangamka, hata kuguna haguni.

Alirudi baada ya dakika arobaini, akijishikiza ukutani, mashavu mekundu, vifungo vya shati amevikosea. Alikaa. Akaomba kahawa. Nikasikia harufu. Nilitazama sufuria nikidhani nimeunguza unga, lakini mafuta yalikuwa masafi.

"Unto, ni nini kinanuka?"

"Inaweza kuwa ni mimi."

Alipandisha shati. Upande wa kulia, chini ya ubavu na juu kidogo ya nyonga, palikuwa na alama ya ukubwa wa kiganja changu. Haikuwa nyekundu. Nyekundu ningejua la kuifanyia. Ilikuwa nyeupe, kavu, ngumu kama soli ya kiatu kipya, na kingo zake zilikuwa za kahawia. Nimeona majeraha ya kila aina kwenye meza ya upasuaji, wenye majeraha wakiwa wamelala. Huyu alikuwa ameketi, kikombe mkononi, ananitazama kwa upole.

"Inauma?"

"Hata kidogo. Ile sindano yenu ni kiboko. Msalimie yule kijana."

"Uliingia sauna."

"Ulisema nisilowe. Sikulowa. Sikumwaga hata kata moja ya maji kwenye mawe. Nilikaa mkavu kama mkate. Moto ulikuwa umebaki, Dada, ni aibu kuuacha uzime bure."

"Halafu?"

"Halafu nikashuka kutoka benchi la juu, na mguu haukuwepo."

"Haukuwepo vipi?"

"Nilikanyaga na ule wa kulia, nikakuta sina. Nikaegemea."

"Uliegemea nini, Unto?"

"Kilichokuwa karibu."

Kilichokuwa karibu ni jiko la sauna, la chuma, lenye mawe ya moto juu yake. Nilimuuliza aliegemea kwa muda gani.

"Mpaka mguu uliporudi. Joto nililijua lipo. Lakini sauna si mahali pa kushangaa joto."

Nilizima mafuta. Nilimmiminia maji ya baridi kiasi pale penye jeraha kwa dakika ishirini, saa ya ukutani mbele yangu, na wakati wote huo alikuwa ananiambia vitumbua vitapoa. Kisha nilimfunika kwa kitambaa safi na kuendesha gari kilomita hamsini na nane mpaka hapa.

Naujua ule mguu. Dawa ikitambaa chini kidogo kuliko ilivyokusudiwa, inaufikia mshipa wa fahamu wa paja, na goti linakosa nguvu kwa saa kadhaa. Hutokea kwa wachache. Kwenye sakafu tambarare mtu anaweza asigundue, maana anafunga goti na kutembea. Ngazi ndiyo inayosema kweli, na korido ya hospitali haina ngazi. Nilikuwa najua yote haya. Niliwasha moto mwenyewe, na niliyajua.

1 Mei

Walimlaza. Otso alikuja kutoka kwake amevaa kofia nyeupe ya wahitimu, inayovaliwa siku ya Vappu, ambayo alisahau kuivua. Jeraha ni la kina, litahitaji ngozi ya kupandikizwa. Kinachotutia hofu wote wawili ni wavu, ambao uko chini ya hapo, nyuma ya misuli, mpya kabisa. Uambukizo ukishuka mpaka huko, hauponi kwa vidonge. Itabidi tumbo lifunguliwe na wavu utolewe. Kwa mtu wa umri wake ni upasuaji mkubwa, na baada yake Unto harudi kupasua kuni wala kuishi peke yake kando ya ziwa. Nilimwambia hivyo bila kuzunguka. Akasema barafu ya upande wa kusini itaondoka wiki hii.

Kila baada ya saa mbili muuguzi alipita.

"Unaumwa, Unto?"

"Hapana, nashukuru."

Kwa hiyo hakupewa kitu. Vidonge viliandikwa apewe akihitaji, na yeye hakuhitaji. Nami nilikuwa kando yake kwenye kiti, nikiwaza juu ya wavu.

Saa kumi na moja alfajiri jua lilikuwa limeshachomoza. Alikuwa ananieleza namna ya kuezeka upya paa la ghala, akakatisha sentensi katikati. Mkono wake ukashika chuma cha kitanda. Nilidhani ni moyo. Nikamshika mapigo, na moyo ulikuwa unakwenda mbio lakini kwa mpangilio. Kisha akatoa sauti ambayo sitaielezea.

"Dada," alisema. "Nifanyie kitu."

Katikati ya jeraha la kina hapaumi, maana mishipa yenyewe imeungua. Kingo ndizo zinazouma, pamoja na matundu matatu, pamoja na misuli iliyosukumwa, na vyote vilikuwa vimesubiri nyuma ya mlango mmoja. Mlango ulifunguliwa mara moja. Muuguzi alikimbia kuleta dawa ya mshipani. Ilichukua dakika arobaini kumrudisha. Dakika arobaini mdogo wangu alilia wazi, na nilichoweza kumfanyia ni kumshika kisogo, kama mama alivyokuwa akifanya.

Nilihesabu baadaye. Kutoka saa tatu kasoro robo jana mpaka saa kumi na moja leo ni saa ishirini na robo.

Sasa naandika jambo ambalo sikuwahi kulifikiria, na ninalitazama kama nilivyolitazama lile jeraha. Nimewachoma ganzi hii watu zaidi ya elfu nne. Wote walitoka mlangoni wakitembea, wengi wakitabasamu, wakaenda kwao. Niliona tabasamu lile nikaliita matokeo ya kazi yangu. Saa ya ishirini sikuiona hata ya mtu mmoja. Nilikuwa nyumbani kwangu, nimelala.

2 Mei

Nilirudi kuchukua nguo zake. Nikaisoma ile karatasi ya friji.

Meza dawa za kutuliza maumivu ukizihitaji. Weka vidonda vikavu. Piga simu ukiwa na wasiwasi.

Haikusema ganzi itaisha saa ngapi. Haikusema neno juu ya mguu. Haikutaja sauna, katika nchi ambayo sauna ni nyingi kuliko makanisa. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo, jina la aliyeitunga: K. Hyttinen. Kerttu Hyttinen ni mimi. Niliiandika miaka kumi na tisa iliyopita, alasiri moja, kabla ya likizo.

Niliibandua karatasi mlangoni mwa friji. Kisha nilimpigia Otso.

"Hamkuibadilisha kwa miaka yote hiyo?"

"Ni yako, Mwalimu," alisema. "Tuliona imekamilika."

Ukizihitaji. Niliwaandikia hivyo watu wa Savo, ambao kwao kuhitaji ni jambo linalompata jirani.

4 Mei

Barafu ya kusini imeondoka, kama alivyosema.

5 Mei

Anakula. Anawataja wauguzi kwa majina ya ng'ombe tuliokuwa nao utotoni, nao hawajui.

7 Mei

Jeraha linatoa maji. Si usaha bado.

9 Mei

Joto la mwili limepanda asubuhi, na jioni limepanda zaidi. Kingo zimekuwa nyekundu na harufu imebadilika. Wamechukua sampuli na kubadilisha antibiotiki. Mpasuaji aliniita pembeni akasema kama kipimo cha picha kitaonyesha usaha umeshuka kwenye wavu, atamfungua Jumatatu. Nilitaka kuuliza swali la kitaalamu, nikakuta sina. Nilikuwa dada wa mgonjwa tu.

Unto aliona uso wangu.

"Nini, Daktari?"

"Wanataka kukupiga picha."

"Nivae shati jeupe?"

10 Mei

Picha: usaha umeishia juu ya misuli. Wavu haujaguswa, lakini kilichobaki kati ya viwili hivyo ni kama unene wa vidole viwili. Ngozi iliyokufa lazima itolewe haraka na mpya ipandikizwe.

13 Mei

Kesho. Ngozi watachukua pajani. Otso alikuja kueleza, na alipotaja ganzi Unto aligeuza uso ukutani.

"Nilazeni kwa dawa ya usingizi tu. Sindano ile sitaki."

Otso alinitazama mimi. Angeweza kumlaza bila ganzi na kumpa dawa nzito za mshipani siku mbili, lakini mapafu ya Unto yameanza kukoroma kwa kulala chali, na dawa hizo zinapunguza pumzi. Ganzi ingemwezesha kukohoa na kukaa wima. Ndiyo njia salama zaidi kwake, na mimi ndiye niliyepaswa kumwambia.

Nilivuta kiti.

"Unto, sindano haikukosea. Ilifanya kazi iliyotakiwa. Tuliokosea ni sisi tuliokuacha mlangoni bila kukuambia kwamba itaondoka, na itaondoka saa ngapi."

"Sisi nani?"

"Mimi. Ile karatasi niliiandika mimi."

Aligeuza uso kutoka ukutani, akanitazama. Nje mvua ilikuwa inapiga dirisha.

"Wewe na mwandiko wako," alisema. "Shuleni walikusifu."

Kisha akauliza kama nitakaa. Nilisema nitakaa na saa mkononi. Akasema basi wachome.

14 Mei

Ganzi saa nne kamili asubuhi. Otso aliiweka, mimi nikatazama. Jioni alipotaka kwenda msalani nilimwambia kwanza akae ukingoni, anyooshe goti dhidi ya kiganja changu. Lilisukuma kidogo tu. Kwa hiyo hakusimama, akapewa chombo, na alinitukana kwa heshima. Vidonge vya kwanza alimeza saa kumi alasiri.

"Siumwi," alisema.

"Ndiyo maana."

Vingine saa nne usiku, na vingine nitampa saa kumi alfajiri, nikimwamsha.

15 Mei

Saa kumi na mbili asubuhi ilikuwa saa ya ishirini. Nilikuwa nimeshika chuma cha kitanda mimi, si yeye.

Saa kumi na mbili na nusu alisema panamwasha. Saa moja alisema pamekuwa pazito, kama mtu ameweka kitabu juu yake. Alikohoa, akashika mto tumboni, akakunja uso. Saa mbili aliletewa uji wa shayiri akalalamika kwamba umepikwa na mtu asiyependa watu.

Ni hivyo tu. Hakuna kingine kilichotokea.

Nilitoka nikasimama kwenye korido. Alfajiri ile ya kwanza ilinishtua, lakini asubuhi hii imenishtua zaidi. Ilikuwa rahisi hivi. Vidonge vya kawaida kutoka duka lolote la dawa, na saa. Asubuhi elfu nne zingeweza kuwa na uji.

19 Mei

Joto limeshuka. Ngozi imeshika upande mmoja.

24 Mei

Imeshika pande zote. Picha nyingine: wavu uko safi, nyuma yake hakuna usaha. Mpasuaji alimpa Unto mkono. Unto akamwambia miti imechanua majani mapema.

30 Mei

Tuko nyumbani. Ameruhusiwa kuinua kikombe na gazeti. Shoka limeonekana; lilikuwa chini ya godoro lake.

9 Juni

Nimezungumza na madaktari wa idara, watu kumi na wawili, wengi nimewafundisha. Niliwasomea karatasi yangu ya zamani kwa sauti, kisha nikawaeleza asubuhi ya tarehe mosi Mei, dakika kwa dakika. Hakuna aliyegusa kahawa yake. Niliuliza ni nani kati yao aliyewahi kumwona mgonjwa wake saa ya ishirini. Hakuna mkono ulioinuka. Msichana mmoja aliyeanza kazi mwaka huu aliuliza, kwa sauti ndogo, tunapaswa kujisikiaje. Nilisema tuanze kwa kuwapigia wagonjwa simu nyumbani, kabla ganzi haijaisha.

Wameniajiri tena, saa nne kwa wiki, nipige simu hizo.

17 Juni

Joto, upepo mdogo, siku mbili kabla ya Juhannus, sikukuu ya katikati ya kiangazi. Leo nimepiga simu ya kwanza. Bibi Lahja, miaka sitini na sita, ngiri ya kinena, matundu matatu, ganzi saa mbili asubuhi, nyumbani saa saba. Nilimpigia saa tisa alasiri. Iliita sana.

"Ndiyo, nani?"

"Daktari Hyttinen, wa usingizi. Nataka kujua unaendeleaje."

"Mimi? Naendelea kama sijawahi kupasuliwa. Sisikii kitu."

Nyuma yake nilisikia maji na burashi.

"Uko wapi sasa hivi, Bibi Lahja?"

"Hapa gatini, ziwani, naosha mazulia. Juhannus inakuja, Daktari, siwezi kuwakaribisha watu kwenye mazulia ya majira ya baridi. Hili ni la pili. Ila mguu mmoja umekuwa mvivu kidogo."

Nilisimama kutoka kwenye kiti. Zulia lililolowa maji ni zito kuliko mtoto wa shule, na gati halina ukuta wa kuegemea, pembeni ni maji tu.

"Kuna mtu hapo na wewe?"

"Mume wangu. Amekaa, anacheka."

"Vidonge vyako viko wapi?"

"Jikoni. Lakini nakwambia siumwi."

"Nisikilize, Bibi Lahja. Liache zulia hapo hapo na ukae chini. Mwambie mumeo aache kucheka, akushike mkono mpaka jikoni. Kisha umeze viwili, sasa hivi, wakati bado huumwi."